Kisu Tumekihifadhi, Wosia Tumeupoteza

Muhula wa tatu wa mwaka wa 2024 ulipofunguliwa, mvulana mmoja wa Kidato cha Pili aliketi kwenye dawati la nyuma darasani mwangu siku tatu mfululizo bila kuinuka. Wenzake walipotoka kwenda kiwanjani, yeye alibaki. Kengele ya chakula ilipolia, rafiki yake alimletea sahani. Siku ya nne, nikiwa katikati ya somo la ngeli, ilinijia harufu ambayo mtu aliyewahi kuuguza kidonda hawezi kuisahau.

Nilimwita kando baada ya kipindi. Alisimama wima kama askari, jasho likimtiririka usoni asubuhi ya baridi, akaniambia, "Mimi ni mzima, Mwalimu." Sikumsadiki. Tulipofika zahanati ilibainika kwamba jeraha lake la tohara lilikuwa limetunga usaha, na homa ilikuwa imempanda kiasi cha tabibu kushangaa jinsi alivyoweza kutembea. Tuliambiwa kwamba lau tungalichelewa siku mbili au tatu, huenda tungalikuwa tukizungumza mengine. Alidungwa sindano, akasafishwa, akalazwa. Alipona.

Nilipomtembelea nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Mwalimu," akasema, "nilisimama mbele ya kijiji kizima nikanyamaza. Sasa nije nilie shuleni?"

Jibu hilo halijanitoka moyoni tangu siku ile. Kijana yule hakukosa adabu wala akili. Alikuwa amefundishwa somo moja, akalielewa vizuri kuliko yote niliyowahi kumfundisha mimi, naye alikuwa tayari kufa kwa ajili yake.

Kabla sijaendelea, ni heri msomaji ajue ninaposimama. Sikuishika kalamu hii ili kuzitukana mila za wazee wetu. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na wengine, wamishenari na watawala wa kikoloni, tena kwa dharau ambayo haikuwazindua watu bali iliwafanya wazishike mila hizo kwa nguvu zaidi. Mimi ni Mbukusu wa chini ya Mlima Elgon. Nilitahiriwa Agosti ya mwaka wa 1984, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, katika rika la Bachuma. Wakenya wa umri wangu wataukumbuka mwaka huo: ni mwaka wa ukame mkubwa, ule ambao mahindi ya manjano yaliletwa kutoka Marekani. Ng'ombe walikuwa wamekonda hata ungeweza kuzihesabu mbavu zao kutoka barabarani. Pamoja na hayo, mjomba wangu alimchinja mmoja kwa ajili yangu, kwa kuwa ndivyo ada ilivyotaka, na ukanda wa nyama ya ng'ombe huyo nilivishwa shingoni, nikaondoka nao kurudi kwa baba.

Kwetu jando huja katika miaka ya shufwa tu, mwezi wa Agosti, na ndugu zetu Wagisu walio upande wa pili wa mlima, nchini Uganda, hufuata hesabu hiyo hiyo katika sherehe yao ya imbalu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mvulana hachukuliwi. Yeye mwenyewe ndiye huomba. Huwaendea wazazi akasema yuko tayari, na baba humuuliza tena na tena, wakati mwingine kwa ukali, kama kweli amelifikiria jambo lenyewe. Akishakubaliwa hutwaa njuga ziitwazo chinyimba, akazunguka nazo kwa jamaa wa karibu na wa mbali akiwaalika waje kushuhudia. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima, akarudishwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye ambao kila mtoto wa Bungoma anaujua. Hufika uani kwa baba yake, akasimama. Hashikwi na mtu, hafumbwi macho wala hapewi dawa ya ganzi. Akitikisika, kijiji kimeona.

Nayakumbuka yote hayo bila chuki. Nakumbuka baridi ya lile tope, na jinsi nilivyoyakaza macho juu ya paa la nyumba ya bibi nikihesabu mabati yaliyoshika kutu. Sikutikisika. Vigelegele vya mama zangu vilinifikia kama vinatoka ng'ambo ya mto. Siku hiyo nilijiona nimeikamata dunia mkononi.

Ila hatukuwa peke yetu uani siku ile, mimi na fahari yangu. Pembeni mwangu alisimama ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, aliyenizidi umri kwa miezi michache. Mwaka uliotangulia, mtoto wa jirani alipotumbukia katika kisima kilichoachwa wazi, watu wazima walisimama ukingoni wakipiga mayowe na kutafuta kamba. Yeye alishuka kwa mikono na miguu, akamtoa mtoto yule akiwa hai. Hakuna aliyemshurutisha. Kisu kilipomfikia siku ile ya Agosti, goti lake la kushoto lilikunjika. Halikuwa jambo la nukta mbili. Vigelegele vilikatika kama kamba, na mmoja wa shangazi zetu akajifunika uso kwa leso.

Ndugu yangu huyo hakuachwa asahau. Ukiwapo ugomvi wa mpaka wa shamba, atakumbushwa goti lake. Akitaka kusema katika kikao cha ukoo, kuna mtu atakohoa. Alihama akiwa kijana, akaenda kuishi mbali, na hata tulipomzika baba yake alifika usiku akaondoka kabla ya mapambazuko. Kisima hakuna anayekitaja. Mimi niliyesimama imara, ambaye sijawahi kumwokoa mtu yeyote katika maisha yangu, ndiye niitwaye mwanamume nikienda nyumbani.

Sasa hebu tukirejelee kisa ambacho wazee wetu wenyewe hutusimulia kuhusu asili ya jando letu. Wanasema palikuwa na joka kubwa lililokaa katika pango, likawamaliza watu na mifugo. Mtu mmoja aliyeitwa Mango alilivizia, akaliua, akairudishia nchi amani. Ndipo, baada ya tendo hilo, akatahiriwa kwa heshima kubwa, na jando likafufuka miongoni mwa Wabukusu. Nilikisikia kisa hiki mara nyingi utotoni, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mvi nilipoutambua mpangilio wake. Mango aliua joka kwanza. Kisu kilikuja nyuma, kikiwa ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka. Hakuna popote katika kisa hicho panaposemwa kwamba Mango alipata ushujaa wake kwa kukatwa. Ndugu yangu alikuwa ameliua joka lake kisimani. Sisi tukamhukumu kwa goti.

Wako watakaonijibu kwamba maumivu yana kazi yake, kwamba chuma hunolewa kwa jiwe. Sikatai. Katika siku za babu zetu, kijana aliyetoka jandoni alikuwa akienda kulinda ng'ombe penye wezi na simba, na jamii ilihitaji kujua mapema nani atasimama na nani atatoroka. Fauka ya hayo, mtihani ule wa dakika moja uani ulikuwa mlango tu. Nyuma ya mlango palikuwa na nyumba nzima. Miongoni mwa Wakalenjin vijana walikaa faraghani miezi mingi wakifundishwa. Wamaasai, kwa desturi ya emuratta, walimtoa kijana utotoni wakamwingiza katika ujana wa ulinzi wenye wajibu na miiko iliyochukua miaka. Huku pwani, neno jando lilimaanisha mafunzo ya kumbini pamoja na kazi ya ngariba. Na hata leo Mswahili akisema fulani hakufundwa, haulizi habari za ngozi. Kwetu, bafulu, yaani wale waliotahiriwa karibuni, walikuwa mikononi mwa wazee tangu Agosti hadi sherehe ya kutoka, khukhwalukha, mwezi wa Desemba.

Mimi nilipata sehemu tu ya mafunzo hayo, maana shule ilikuwa imekwisha kuzimega siku zake. Lakini nilipata. Babu aliketi nasi jioni nyingi, sauti yake ikiwa ya chini kiasi cha kutulazimisha tumsogelee. Alituambia kwamba mlango tutakaoukuta wazi tuingie na uliofungwa tuuache, nasi hatukuhitaji kufafanuliwa kwamba alikuwa akizungumzia wake za watu. Alitufundisha jinsi ya kumzika mtu. Alitueleza nani tusimwoe na kwa sababu gani, na jinsi ya kugawa nyama pasiwe na manung'uniko. Jioni moja alitueleza kwamba mwanamume akiumwa amwambie mwenzake wa rika, kwani rika ni la kazi hiyo. Naam, hilo nalo lilikuwamo! Ukimya wa uani ulikuwa na mwisho wake. Baada ya ule wakati mmoja, kulikuwa na watu uliowekewa ili uwaambie.

Linganisha na mambo yalivyo siku hizi. Nilihudhuria jando moja kijijini mwetu mwaka uo huo wa 2024. Vipaza sauti viliwekwa tangu saa mbili usiku, muziki wa disko ukavuma hadi alfajiri, na mzee aliyetaka kunena na kijana alipewa dakika kumi, akanena akishindana na mitambo. Pombe ilikuwa nyingi. Kisu kilipotolewa, sikuuona uso wa kijana kwa wingi wa simu zilizoinuliwa kumpiga picha. Nikamkumbuka ndugu yangu na goti lake. Aibu yake ilijulikana kijijini na vijiji vya jirani. Ya kijana wa leo itakuwa Nairobi kabla damu haijakauka, nayo haitasahaulika hata mashahidi wote watakapokuwa wamekufa. Wiki mbili baadaye shule zilifunguliwa, kijana akafunga sanduku akaja kwetu walimu, jeraha bichi na masikio matupu.

Huu ndio ubishi wangu, na ningeomba nieleweke vyema. Twasema tunahifadhi mila. Tulichokihifadhi ni kisu na karamu. Mafunzo, ambayo ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi na yaliyohitaji wazee wenye subira, ndiyo tuliyoyatupa kwanza, kwa kuwa hayana kelele na hayapigiki picha. Kisha tunashangaa kwa nini vijana wanatoka jandoni wakiwa wameongezeka kiburi tu.

Mashahidi ninao. Mwalimu yeyote wa kike aliyewahi kufundisha wavulana waliorejea kutoka jandoni ataniunga mkono. Kuna wanaokataa kutumwa naye. Kuna wasiosimama anapoingia darasani, na wanaokataa kukaa dawati moja na mwenzao ambaye hajatahiriwa, wakimwita majina. Huko Mlima Kenya, ambako jando hufanywa Desemba, kwa miaka mingi tumesikia malalamiko ya vijana wakubwa wanaojipenyeza katika vyumba vya walio jandoni wakiwa na pombe na viboko, wakijiita walimu. Makanisa kadhaa yameona pengo hilo, yakaanza kuwakusanya wavulana kambini wakati wa likizo, watahiriwe na matabibu na kufundishwa na watu wazima. Sikubaliani na kila wanachofundisha, ila angalau wametambua kwamba mtoto anahitaji mtu wa kumfunda.

Dharau hiyo ya shuleni si mchezo wa watoto. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume walikamatwa wakatahiriwa kwa nguvu na magenge, kwa panga na chupa zilizovunjika, na ushahidi wa mambo hayo uliwekwa katika ripoti ya Tume ya Jaji Philip Waki ya mwaka wa 2008. Waliofanya ukatili ule walikuwa wamewahi kuketi katika madarasa ya mtu fulani. Yumkini walicheka mtoto fulani chooni, mwalimu akapita akisema ni utani. Waliolengwa hasa walikuwa Wajaluo, watu ambao kwa asili hawakutahiri bali waling'oa meno sita ya chini. Nao walikuwa na maumivu yao na ukimya wao, kisha kizazi baada ya kizazi wakaliacha zoezi lile, na meno ya vijana wao yakabaki kinywani. Nani atathubutu kusema kwamba Wajaluo waliishiwa na wanaume siku meno yalipoacha kung'olewa? Na mwaka wa 2008, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke, serikali ilianzisha huduma hiyo hospitalini, nao wakaipokea kwa maelfu, kwa hiari, chini ya dawa ya ganzi. Waliichukua kama kinga. Uanaume wao hawakuuweka hapo.

Sijasema neno kuhusu wasichana, na sitaki kulipitisha jambo hilo kimyakimya, wala kulichanganya na la wavulana. Kinachofanywa kwa msichana hakina faida yoyote ya afya, na madhara yake humfuata hadi chumba cha kujifungulia. Sheria ya mwaka wa 2011 imekiharamisha, na Mahakama Kuu mwaka wa 2021 ilikataa ombi la kutaka sheria hiyo itanguliwe. Mimi ni mmoja wa wanaosema sheria hiyo ilichelewa. Lakini historia yake ina funzo kwa hoja yangu. Mwaka wa 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, kwa msukumo wa wakoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wenyewe walijibu kwa kununua nyembe wakakatana vichakani, wakaitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu elfu mbili walishtakiwa. Amri ilikuwa imekataza kisu bila kuweka chochote mahali pa heshima ambayo msichana aliitafuta kwacho.

Miaka arubaini baadaye, mwaka wa 1996, si mbali na hapo, huko Tharaka, akina mama na wasichana wao, wakisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, walijaribu njia nyingine waliyoiita kutahiri kwa maneno. Wasichana walikaa faragha, wakafundwa na wanawake waliowaamini, wakatoka kwa nyimbo, zawadi na karamu. Wembe haukuwapo. Msichana alipata alichokuwa akikitafuta. Sidai kwamba sherehe hiyo peke yake ndiyo iliyopunguza uovu huu nchini. Sheria, shule na makanisa yalifanya kazi pia. Hata hivyo, takwimu za serikali zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 38 mwaka wa 1998, na asilimia 15 mwaka wa 2022. Na pale ambapo desturi hii ingali ngumu, imekuwa ya siri, inafanywa kwa watoto wadogo, pengine na wauguzi waliolipwa nyuma ya pazia, bila wimbo na bila wosia hata mmoja. Mtoto wa miaka saba hufundwa nini? Hapo mtu aweza kuona jinsi mila inavyokuwa ikishabakia wembe mtupu.

Nikirudi kwa wavulana, yupo shahidi ambaye hakuna mwanamume wa Afrika atakayemtilia shaka. Nelson Mandela, katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka wa 1994, anasimulia jinsi alivyotahiriwa mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka 16, kando ya mto Mbashe. Desturi ya Waxhosa ilimtaka kijana apaze sauti papo hapo atangaze kwamba yeye ni mwanamume. Mandela anakiri kwamba maumivu yalimzuia kwa muda mfupi kabla hajakumbuka kutamka, na kwamba aliona haya akidhani wenzake walikuwa hodari kumliko. Hebu fikiri, msomaji. Mtu aliyefungwa miaka 27 bila kuvunjika alikuwa bado anauhesabu ule muda mfupi miaka sitini baadaye. Lakini anasimulia jambo jingine pia. Siku ya kutoka, chifu mmoja, Meligqili, alisimama badala ya kuwasifu vijana akawaambia kwamba uanaume waliopewa ulikuwa ahadi tupu, maana wao walikuwa watu waliotekwa ndani ya nchi yao wenyewe. Mandela anasema alikasirika. Aliona mzee yule ameiharibu siku. Baadaye sana ndipo maneno yale yalipoanza kumfanyia kazi. Kidonda kilipona kwa majuma machache. Wosia wa mzee mmoja asiyependeza ulimtia njiani.

Na nchi hiyo hiyo inatuonya. Kila msimu wa jando Afrika Kusini husikika habari za vijana waliokufa, au waliokatwa kiungo chote, katika vibanda vinavyoendeshwa na watu wasio na ujuzi wanaotafuta pesa. Mwaka wa 2021 bunge lao lililazimika kutunga sheria maalumu ya kusimamia jando la kimila. Huko vijana waliooza hadi kufa mara nyingi walikuwa na watu karibu nao. Walichokosa ni ruhusa ya kusema "naumwa".

Basi tufanyeje? Kwanza, wenzangu walimu, tukubali kwamba jando limehamia shuleni tutake tusitake. Zamani mitihani ya KCPE ndiyo iliyokuwa kalenda. Jamii nyingi zilimtahiri mvulana baada ya Darasa la Nane, akaingia Kidato cha Kwanza akiwa amebadilika. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa wazazi wanatuuliza kama mtoto atahiriwe baada ya Gredi ya Sita au ya Tisa, na nimeona baadhi yao wakikimbilia ile ya sita, watoto wa miaka kumi na miwili, au hata kumi na mmoja, ili mwana asije akachekwa katika shule ya sekondari ya msingi. Mimi nasema wasubiri. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kuomba jambo hili kwa akili yake, na kwetu, kama nilivyoeleza, aliyekuwa hawezi kuomba alikuwa hakati.

Pili, shule zifunguapo baada ya Agosti na Desemba, mwalimu wa zamu asitosheke na kukagua masanduku na nywele. Awape wavulana nafasi ya kuonana faraghani na muuguzi au mwalimu wa kiume wanayemwamini, wote kwa pamoja, hata wazima, ili aliye mgonjwa asitambulikane kwa kwenda. Jambo hili halihitaji fedha wala waraka kutoka Nairobi. Shule yetu inalifanya sasa. Mwaka wa 2024 haikuwa ikilifanya, na lawama hiyo ni yangu pamoja na wenzangu.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, najua baadhi yenu mtaukata mkaubandike ukutani mkimcheka mwalimu aliyegeuka mwoga. Chekeni. Lakini mkimwona mwenzenu haketi vizuri, hacheki, hali, msiseme amejikaza. Mwiteni mwalimu.

Kuhusu wazee, nina ombi moja tu: zimeni vile vipaza sauti.

Mpwa wangu, kijana wa dada yangu mdogo, amenitumia ujumbe kwamba msimu ujao atazipiga njuga na kuja kwangu kumchukua ng'ombe wake. Nilimpigia simu. Sikumuuliza kama atasimama wima. Najua atasimama, ni mkaidi tangu utotoni. Nilimwambia kwamba ng'ombe yuko, na kwamba kisu kitakuwa chake peke yake, na tabibu atakuwapo. Kisha nikamuuliza ni mzee gani atakayeketi naye jioni baada ya watu kuondoka, na kwa siku ngapi. Na ni nani atakayemwambia akiumwa.

Alinyamaza kidogo. "Khocha," akasema, "hayo maswali ningedhani ni yenu."

Ni kweli. Jumamosi hii ninakwenda kumwona baba yake, na baada ya hapo nitapanda basi la usiku hadi mji anaoishi ndugu yangu wa kile kisima, nimuulize kama atakubali kuketi na kijana huyu.